Raleigh ya kike yenye pedeli moja: nitamjuaje aliyekuwa mwenyewe?

Mjukuu wa Kihamba

Ndugu zangu, nawasalimu nyote.

Mwezi uliopita, nikiwa Himo kwa shughuli zangu, nilimkuta mnunuzi wa chuma chakavu ameilaza baiskeli kongwe juu ya mzani wake, ameshaipima na kuandika kilo 19 kwa chaki kwenye madigadi ya mbele. Aliniambia kwamba kesho yake ingekatwakatwa na kupakiwa kwenye lori. Nilimlipa thamani ya kilo hizo na nyongeza kidogo, nikaifunga juu ya basi dogo nikarudi nayo Moshi. Tangu siku hiyo imeegemezwa kwenye ukuta wa baraza yangu, na kila nikitoka asubuhi najikuta nimesimama mbele yake.

Ni Raleigh ya kike, yaani ile ambayo bomba lake la juu limeinama hadi chini ili mpandaji asilazimike kurusha mguu. Nembo ya mbele ipo bado. Gurudumu la meno linalovuta cheni limechongwa vichwa vya ndege wenye midomo mirefu. Breki zake ni za vyuma, si za waya, na upande wa kulia wa usukani kuna kishikio kidogo cha kubadilishia gia. Pembezoni mwa madigadi ya nyuma kuna vitundu vidogo vidogo vilivyopangwa kama vya mshono, ambavyo sijui kazi yake. Siti ni ya ngozi, imekauka kama gome la mti, na imelalia upande wa kushoto. Chini yake, kwenye chuma, kuna herufi mbili zilizokwaruzwa kwa kitu chenye ncha.

Jambo linalonisumbua ni upande wa kushoto. Pedeli haipo, wala ule mkono wa chuma unaoishika pedeli haupo. Badala yake, kwenye bomba la mbele la fremu, kimefungwa kipande cha chuma kipana kama kiganja, kimekunjwa vizuri na kupigwa ribiti. Pedeli ya kulia ipo, na juu yake kuna kipande cha ukanda wa ngozi. Mnunuzi wa chuma aliniambia kwamba vitu vya kushoto viliibwa, nami nilimwamini hadi nilipoifuta matope.

Naomba msaada katika mambo matatu. Umri wake unajulikanaje? Aliyekuwa mwenyewe anatafutwaje? Na je, niipake rangi? Kaka yangu ameshanunua msasa na kopo la rangi nyeusi, na anaona ninachelewesha kazi ya siku moja.

Nieleze kwa nini nahangaika hivi. Babu yangu aliiuza baiskeli yake ili mama yangu alipiwe karo, na hakuna katika ukoo wetu anayejua iliishia mikononi mwa nani. Mama huizungumzia mpaka leo. Nikiitazama hii, nafikiri kuna mtu mahali fulani anayeizungumzia vivyo hivyo.

Fundi Spoku

Dada, kwanza mwambie kaka afunike kopo lake. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Dar es Salaam, nimeirithi kazi hii kwa baba yangu, na nimeshaona baiskeli nyingi zikipoteza kila kitu zilichokuwa zikikisema kwa msasa wa saa moja.

Kuhusu umri: wale ndege ni korongo, alama ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza. Kila kiwanda cha zamani kilikuwa na yake. Rudge waliweka kiganja cha mkono kilicho wazi, na BSA ya Birmingham, ambayo ilianza kama kampuni ya silaha, iliweka bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Hivyo jina lake halina shaka. Sasa chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, ufute habu ya gurudumu la nyuma, ile sehemu ya katikati zinapoanzia spoku. Ikiwa gia ni za asili, utakuta maneno Sturmey-Archer, yaani jina la waliotengeneza gia, herufi AW za habu ya gia tatu, na pembeni yake tarakimu. Tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, na inayofuata ni mwezi. Kumbuka tu kwamba hiyo ni tarehe ya habu, na kwamba magurudumu hubadilishwa. Hesabu spoku: mbele 32 na nyuma 40 ndivyo Waingereza walivyozoea. Kisha tafuta namba ya fremu kwa nyuma, pale bomba la siti linapokutana na fremu, uinakili kwenye karatasi kabla ya kusugua chochote.

Lakini umri ndio mdogo katika uliyoyaeleza. Mwizi akichukua pedeli huiacha ekseli wazi. Tafadhali itazame ekseli ya upande wa kushoto uniambie imekaaje. Nauliza kwa sababu nina wazo, na sitaki kulisema kabla hujatazama.

Mjukuu wa Kihamba

Fundi, nimefanya ulivyosema. Habu inasomeka AW 54 9. Spoku ni 32 mbele na 40 nyuma. Mbili za nyuma zimekatika.

Ekseli ya kushoto haikuwa wazi. Imefunikwa kwa kipande cha ngozi laini, kimezungushiwa waya mwembamba mara saba au nane, na ncha ya waya imepindwa ndani ili isichane nguo. Sikukiona mwanzoni kwa sababu ya matope.

Fundi Spoku

Basi wazo langu limepata nguvu. Habu ni ya Septemba 1954. Na mkono wa pedeli wa kushoto haukuibwa, bali uliondolewa na mwenyewe, tena kwa uangalifu.

Mwenye baiskeli hii alikuwa na mguu wa kushoto usiokunjika. Goti likiwa limekakamaa, mtu hawezi kuzungusha pedeli, na mkono wa pedeli ukizunguka peke yake utamgonga mguu kila mara. Kwa hiyo aliutoa, akaifunika ekseli isimchubue, na kile chuma kilichokunjwa ndipo alipouweka mguu wake upumzike. Ukanda kwenye pedeli ya kulia ulimwezesha kuivuta pedeli kwenda juu kwa mguu uleule alioisukumia chini, maana hakukuwa na mguu wa pili wa kuirudisha. Siti imelalia kushoto kwa sababu kila alipokanyaga aliinuka upande wa kulia, na uzito ukabaki kushoto. Ngozi hiyo imechukua miaka mingi kulala hivyo.

Utaelewa pia kwa nini ni baiskeli ya kike. Asiyeweza kukunja goti hawezi kurusha mguu juu ya bomba. Na zile gia tatu si anasa: gia ya chini ya AW hupunguza mzigo kwa robo nzima, na kwa mtu wa mguu mmoja kwenye nchi ya milima kama kwenu, robo hiyo ndiyo tofauti ya kupanda na kushuka akaisukuma.

Nimeshika spana tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na sijawahi kuona kazi kama hii. Ningependa sana kulijua jina la huyo mtu, na hata nisipolijua, namheshimu.

Mkaazi wa Ng'ambo

Maelezo ya Fundi yamenigusa, lakini naomba tusimsahau mwanamke kwenye habari hii. Vile vitundu kwenye madigadi ya nyuma, alivyosema dada kwamba hajui kazi yake, ni vya kamba. Baiskeli nyingi za kike za zamani zilifungwa nyuzi kutoka kwenye vitundu hivyo hadi kwenye ekseli ya gurudumu, kama kimia, ili gauni lisiingie kwenye spoku. Shangazi yangu hapa Unguja alikuwa na baiskeli ya aina hiyo, na kamba zilipooza alisuka mpya mwenyewe kwa uzi wa mshipi, kwa sababu buibui likinaswa kwenye gurudumu halichaniki tu, linamwangusha mtu.

Dada, chukua tochi utazame vitundu hivyo kwa upande wa ndani. Kama havikuwahi kutumika, rangi ya ukingo wake itakuwa nzima. Kama vimetumika, utakuta ukingo umelika, na huenda mabaki ya uzi. Mwanamume wa mguu mmoja hakuwa na haja ya kimia, kwa hiyo uzi ukiwepo, unatafuta watu wawili.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, mimi nilifundisha shule za msingi za upande wa Marangu na Mwika kwa zaidi ya miaka thelathini, na tarehe hiyo ya 1954 imenikumbusha jambo.

Julai 1953 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, hasa katika jimbo la Paraná, na mwaka uliofuata bei ya kahawa duniani ikapanda kuliko ilivyowahi kupanda. Wachaga, ambao tangu mwanzo wa miaka ya 1930 walikuwa wakiuza kahawa yao kwa pamoja kupitia chama chao cha ushirika, KNCU, walipata fedha ambazo baba zao hawakuwahi kuziota. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka mlio wa nyundo, maana kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, kulikuwa na mtu anayeezeka mabati. Na nakumbuka baiskeli mpya zikishuka barabarani zikiwa bado na karatasi za kiwandani zimezungushiwa kwenye fremu, na wenyewe hawataki kuzitoa karatasi hizo hata mvua ikizilowesha. Sishangai kwamba baiskeli ya mwaka huo imepatikana Himo.

Kuhusu goti, nadhani unamtafuta askari. Katika Vita Kuu ya Pili, vijana wengi wa Tanganyika walikwenda Burma pamoja na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na mwaka 1944 kikosi cha Afrika Mashariki kilipigana katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Baadhi walirudi na majeraha ya kudumu, na baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo askari aliyerudi alitamani kuwa navyo. Ningeanzia huko.

Nakuomba mambo mawili. Herufi ulizozikuta usiziandike hapa, kwa sababu ni za ukoo wa watu. Na usiende kwa wazee ukiuliza, "Baiskeli hii ni ya nani?", maana swali kama hilo huwafanya watu wadhani kuna deni au kesi. Nenda na kitu mkononi, ule ukanda au picha ya kile chuma, ukae, unywe unachopewa, na umwache mzee akishike mwenyewe.

Mwana wa Busia

Naandika kutoka Busia, upande wa Kenya, mahali ambapo neno bodaboda lilizaliwa katika miaka ya 1960, wakati vijana walipokuwa wakiwabeba watu kwa baiskeli kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda wakiita wateja kwa neno hilo. Baba yangu alikuwa mmoja wao katika miaka ya baadaye. Baiskeli yake ilikuwa Hero ya India, yenye fremu nyeusi, zile tunazoziita huku Black Mamba, na kwenye keria alikuwa ameshona mto wa sponji uliofunikwa kwa plastiki nyekundu.

Naomba nitofautiane kidogo na Fundi. Baiskeli isiyotembea hufa. Gololi hukaukiwa na grisi, tairi hupasuka likiwa limesimama, na kutu haimsubiri mtu amalize utafiti. Ya baba yangu tuliitundika ukutani kwa heshima alipofariki, na baada ya miaka sita ringi zilikuwa zimeliwa kiasi kwamba kidole changu kilipenya. Kama tungekuwa tunaiendesha hadi sokoni mara moja kwa wiki, leo ingekuwepo. Kwa hiyo, dada, usipake rangi, sawa, lakini itengeneze itembee.

Jambo moja tulilofanya vizuri ni hili. Kabla ya mazishi niliketi na wazee watatu waliofanya kazi naye, nikaandika kwenye daftari la shule baiskeli ile ilitoka kwa nani, ilinunuliwa kwa nini, ilibeba nini. Niligundua kwamba baba alikuwa mwenye baiskeli wa nne. Wa kwanza alikuwa katekista, wa pili mwanawe, na wa tatu mchuuzi wa samaki ambaye aliiweka rehani kwa baba yangu na hakurudi kuikomboa. Mzee mmoja alikumbuka kengele yake kuliko alivyokumbuka sura ya yule katekista. Wazee wote watatu wameshatutoka. Usikawie.

Mjukuu wa Kihamba

Shikamoo Mwalimu, na nawashukuru nyote. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa nikizunguka.

Nianze na vitundu. Mkaazi wa Ng'ambo alisema kweli. Kwa tochi niliona ukingo umelika, na katika vitundu vinne vya juu kulikuwa na mabaki ya uzi mweusi wa pamba, mgumu kwa mafuta. Kwa hiyo nilikuwa na watu wawili.

Kisha nilikipeleka kile chuma, baada ya kukifungua kwa uangalifu, kwa wahunzi wa Mamba, karibu na Marangu, kwa kuwa nilifikiri ribiti zile si kazi ya gereji. Mhunzi mmoja, ambaye babu na baba yake walifua mahali hapohapo, alikigeuza mara mbili tu. Alinionyesha kwamba ukingo wake wa nyuma umekunjwa mara mbili ili kisigino kisiteleze, na akasema kwamba kazi ile inafanana na ya mkono wa baba yake, ingawa hakuthubutu kuapa. Alinielekeza kwa mama mmoja mzee anayeishi chini kidogo ya hapo, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, aliyekuwa akipeleka kahawa kwenye mzani wa chama cha msingi cha ushirika tangu akiwa msichana.

Nilifuata ushauri wa Mwalimu. Sikuuliza kitu. Nilikunywa chai, nikamwekea chuma mapajani. Alikipapasa kwa kidole gumba, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Hiki ni cha karani wa mzani."

Mwalimu, hakuwa askari, na hakwenda Burma. Alianguka kutoka juu ya lori la magunia alipokuwa kijana, na goti likaungwa vibaya. Kwa kuwa hakuweza kulima kwenye mteremko, alijifunza hesabu hadi akawa karani wa kupima kahawa, na kila msimu alikuwa akienda vituo vitatu kwa wiki. Baiskeli aliinunua kwa muuguzi aliyekuwa akizalisha akina mama vijijini, ambaye aliolewa mbali na hakuweza kuondoka nayo. Alimlipa kwa misimu miwili. Mama yule alikumbuka kwamba watoto walikuwa wakimcheka karani kwa kupanda baiskeli ya kike, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliocheka, hadi siku ambayo karani alimrudisha nyumbani akiwa na homa, amemkalisha kwenye keria, akikanyaga kwa mguu mmoja kutoka mzanini hadi kwao. Aliponieleza hayo alikuwa bado amekishika kile chuma.

Herufi chini ya siti si za karani. Ni za muuguzi. Karani hakuzifuta katika miaka yote aliyokuwa nayo.

Binti wa karani yupo, na nimezungumza naye kwa simu. Baiskeli ilitoka nyumbani kwao wakati banda la zamani lilipobomolewa, na vijana waliobomoa waliuza chuma chote kwa pamoja bila yeye kujua. Nilimwambia ni yake na aje aichukue. Amesema atakuja mwezi ujao, na kwamba angependa aikute inatembea, kama Mwana wa Busia alivyosema. Nimekirudisha chuma mahali pake kwa ribiti za mhunzi yuleyule. Kaka yangu amerudisha rangi dukani na ameninunulia spoku mbili.

Fundi, nakuuliza tena: nifanye nini na gia, na siti nifanyeje kabla binti yake hajafika?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nilikosea kuhusu Burma, na nimefurahi kwamba hukunisikiliza katika hilo. Nimemkumbuka karani mmoja aliyekuwa akija Mwika na baiskeli ya namna hiyo, lakini sitasema ni yeye mpaka binti yake afike. Akikubali, ningependa kuja nimsalimie.

Fundi Spoku

Habu ya gia isifunguliwe. Ina kifuniko kidogo cha kutilia mafuta. Tia matone ya mafuta mepesi ya mashine, yale ya cherehani yanafaa, usitie mafuta ya kupikia wala grisi, kisha uilaze usiku kucha na asubuhi uzungushe gurudumu polepole ukibadilisha gia. Zikigoma, rudia usiku wa pili. Vizuizi vya mpira vya breki vibadilishe vyote vinne hata kama vinaonekana vizima. Ukanda wa pedeli usiuguse. Kama binti yake anataka kuiendesha, fungeni mpya juu ya ule wa zamani. Kimia cha nyuzi unaweza kukisuka upya kama Mkaazi atakuelekeza, lakini acha vitundu vinne vya juu na uzi wake.

Siti ipake mafuta ya ngozi kwa upande wa chini tu, kidogo kidogo, kwa siku tatu au nne. Mbele, chini ya pua yake, utaona nati ya kukazia ngozi. Kila atakayeiona siti hiyo atakuambia uikaze ili inyooke. Usiikaze. Ukiikaza, ngozi kavu hivyo inaweza kupasuka, na hata isipopasuka itavutwa irudi katikati, na binti yake hataona tena mahali baba alipokuwa akikaa.